Ardith Osterhaus na Bendi ya Harmel, 1954–2023

Ndugu, majirani, na nyote mliowahi kufokewa na marehemu, ambao kwa kutazama humu kanisani ni karibu wote: leo tunamsindikiza Ardith Mae Osterhaus, mke wa marehemu Leland, mama, bibi, shangazi, na kwa miaka arobaini na mitano mwalimu wa bendi wa Shule ya Sekondari ya Umma ya Harmel, Nebraska.

Ardith alizaliwa tarehe 11 Aprili 1954 katika shamba la wazazi wake, Bohumil na Agnes Kubicek, kaskazini mwa mji. Alikuwa mtoto wa tatu na kitindamimba. Theluji ya mwisho wa msimu ilikuwa imeziba barabara, mkunga akafikishwa kwa trekta. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto alilia, akanyamaza, kisha akalia tena kwa sauti ileile bila kushuka wala kupanda. Familia haina ushahidi wa jambo hilo, lakini pia haina sababu ya kulikataa.

Alianza masomo mwaka 1960 katika shule ya chumba kimoja iliyopakana na shamba lao, akajiunga na Sekondari ya Harmel mwaka 1968 na kuhitimu Mei 1972. Alitamani sana kupiga tarumbeta. Bahati mbaya nyumbani kulikuwa na klarineti iliyoachwa na dada yake Norma, na Mzee Bohumil hakuona kwa nini nyumba moja iwe na vitu viwili vya kupuliza. Ardith akapuliza klarineti. Kinyongo hakikumtoka, na wapiga klarineti wote waliopita mikononi mwake wanalijua hilo. Alipata shahada ya ualimu wa muziki katika chuo cha jimbo mwaka 1976, akafundisha mji mwingine kwa miaka miwili, na Agosti 1978 akarudi hapa.

Katika shule ndogo kama yetu mwalimu mmoja hubeba kazi za watatu. Mbali na bendi, Mwalimu Ardith alisimamia baraza la wanafunzi, maigizo, kitabu cha picha cha kila mwaka na dansi ya wahitimu, na ndiye aliyeendesha basi kwenda mashindanoni, kwa mwendo ambao tumeombwa tusiutaje mbele ya mchungaji. Watoto nao ni walewale kila mahali. Anayecheza mpira wetu, huu wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ndiye huyohuyo anayepiga tromboni. Ijumaa jioni, kipindi cha mapumziko kikifika, wachezaji walivua kofia, wakashika vyombo, na kuandamana uwanjani na bendi wakiwa na matope hadi masikioni. Hakuna aliyeona ajabu.

Agosti 1988 alikuja kocha mpya, Doyle Brandvold, ambaye leo amekaa benchi la tatu na ametuomba tusimwonee. Kocha Doyle alitoka kwenye shule kubwa. Akatangaza kwamba mapumziko ni ya kufundishia, hakuna mchezaji wake atakayetoka chumba cha kubadilishia nguo kwenda kupuliza bomba.

“Kocha, mechi nzima ni yako,” Ardith alimwambia. “Mimi naomba kipande kidogo cha katikati.”

“Kipande hicho ndicho kinachonipa ushindi, mwalimu.”

“Ushindi upi? Mwaka jana timu hii ilifungwa na shule iliyoazima wachezaji!”

Haikusaidia. Bendi ilipoteza tuba zote, yale mabomba makubwa ya sauti nzito, na tromboni karibu zote. Na bodi ya shule, iliyokuwa ikitafuta pa kupunguza, ilikwishasema kwamba bendi isiyoweza kuandamana siku ya sherehe ya Kurudi Nyumbani, wahitimu wa zamani wakiwa wamejaa jukwaani, haina haja ya mwalimu. Mkuu wa shule akamshauri awasogeze watoto waliobaki wabanane, watu hawatagundua. Ardith akajibu kwamba kila mtoto ana mahali pake na hapo patabaki pake.

Basi Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba 1988 bendi ikaingia uwanjani na mapengo yake. Wimbo wa shule bila tuba ulisikika kama meza iliyokatwa miguu. Harmel ni mji ambao kila bibi anajua mjukuu wake husimama mstari gani, nyuma ya nani. Kocha Doyle hakulijua hilo. Bibi Vlasta Hruby akasimama jukwaani.

“Ardith! Kenny wangu yuko wapi?”

Ardith hakugeuka. Alinyoosha kijiti chake kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, akaendelea kuhesabu mapigo kwa mkono wa pili.

Kina mama wakashuka. Ndio waliokuwa wakipika supu nzito ya maharage na mikate ya mdalasini ya kuuza kwenye dirisha la kibanda cha uwanjani, chakula ambacho wachezaji, waamuzi na madereva wa mabasi hukitegemea baada ya mechi. Wakalifunga dirisha. Bibi Vlasta akagonga mlango wa wachezaji kwa mwavuli.

“Doyle, mwanangu, hakuna atakayekula humu mpaka Kenny apulize!”

“Mama, naongea na timu!”

“Ongea tu, mwanangu. Supu inapoa.”

Wachezaji wakatoka wenyewe, kocha akiwa bado anaandika ubaoni. Wimbo ukaanza upya. Kocha Doyle anashikilia mpaka leo kwamba mechi ile ilipotea kwa sababu ya baridi. Bodi, ambayo wajumbe wake wote walikuwa na mama zao jukwaani, haikuligusa tena suala la bendi kwa miaka mingi.

Tarehe 6 Juni 1981 Ardith alikuwa amefunga ndoa na Leland Osterhaus, mkulima wa mahindi, mtu mpole asiyeweza kushika sauti hata ya kengele. Alipoulizwa alimpendea nini, alijibu, “Ananyamaza vizuri.” Walibarikiwa binti mmoja, Greta, aliyepiga tarumbeta bila kuulizwa kama anataka. Leland alitangulia mwaka 2014.

Februari 2023 Ardith aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakuuliza amebakiza muda gani. Aliuliza bendi atamwachia nani, kwani watoto wamepungua, na bodi ilikuwa imesema wazi kwamba asipopatikana mwalimu kabla ya Juni, darasa la muziki litafungwa. Walimu wa bendi hawaji Harmel kwa kupenda upepo. Akaanza kupiga simu kitandani.

“Shangazi, daktari amesema upumzike,” alisema Jolene, binti wa kaka yake, aliyemuuguza.

“Si nimelala? Unataka nilale mara ngapi? Lete simu.”

Vijana kadhaa walikataa kwa adabu. Mei akaja Maribel Escamilla, aliyekuwa anamaliza chuo, binti wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyama cha mji wa jirani. Usaili ulifanyika chumbani.

“Unaweza kuendesha basi?”

“Naweza, mwalimu.”

“Kufoka je?”

“Nina wadogo zangu watano.”

“Umeajiriwa.”

“Samahani, mwalimu, si bodi ndiyo inayoajiri?”

“Itaambiwa.”

Bodi ilikaa tarehe 12 Juni na kugawanyika katikati. Kura ya mwisho ilikuwa ya mwenyekiti, ambaye siku hizi ni Doyle Brandvold. Alisema, “Anayetaka kumpelekea Ardith jibu la hapana aende mwenyewe. Mimi nilishawahi kubishana naye,” akainua mkono kuunga mkono. Mwalimu Escamilla alianza kazi Agosti.

Ardith alifariki nyumbani kwake, mkabala na uwanja wa mazoezi, alasiri ya Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2023. Dirisha lilikuwa wazi na bendi ilikuwa ikifanya mazoezi. Neno lake la mwisho kwa Jolene lilikuwa, “Mwambie huyo binti, klarineti wanakimbiza wimbo.” Jolene alivuka barabara akamwambia. Mwalimu Escamilla alisimamisha bendi na kuwarudisha mwanzo.

Ameacha binti yake Greta na mkwewe Paul, wajukuu Wendell na Tess, dada yake Norma, kaka yake Emil, wapwa, na wanafunzi wasiohesabika.

Familia inawakaribisha nyote katika ukumbi wa chini ya kanisa kwa mikate ya nyama na viazi vya kuoka baada ya maziko. Wanabendi wanaombewa radhi: hawatakaa kula. Leo ni Ijumaa, mechi ni ya ugenini, na Mwalimu Escamilla amekwishawasha basi.

Mungu ampokee mtumishi wake Ardith, ampe utulivu, na kwaya ya huko asimkabidhi walau wiki hii ya kwanza.