Jaji Arne Sandvik na Mwamba Aliomwonyesha Marnie

Marehemu Arne Leif Sandvik alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 katika mji wetu wa Tolliver, Montana, mtoto wa tatu wa Bwana Leif, mkata magogo, na Bi Solveig. Ametuachia agizo: "Ingrid, usinipambe. Siku ya maziko kila mtu huwa malaika." Mimi binti yake ninajitahidi kutii.

Alisoma hapa hapa Tolliver, kisha akasomea ualimu Missoula. Alifundisha hesabu hadi alipostaafu, na wengi mliopo hapa mnakumbuka chaki zake zilivyokuwa zikiruka kuwatafuta waliosinzia. Tarehe 12 Machi 1977 alimwoa Lorna Beaudry katika kanisa hili. Theluji mpya ilikuwa imeanguka, kwa hiyo bwana harusi alifika amechelewa, skii, zile mbao za kutelezea thelujini, zikiwa bado begani.

Kila msimu wa baridi alikuwa jaji wa mashindano ya skii ya vijana, yale ya kushuka mlima usiochongwa njia, ambapo kila mtoto hujichagulia pa kupita na miamba ya kuruka. Majaji hukaa hemani ng'ambo ya bonde wakitazama kwa darubini, na jioni watoto huwafuata kuuliza walipokosea. Baba aliipenda saa ile kuliko chakula.

Februari 2009, Marnie Petruska, msichana wa miaka kumi na tano, alimaliza siku ya kwanza akiwa wa pili.

"Mzee Sandvik, nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Umepita wanapopita wote, basi. Kesho nionyeshe kitu."

"Kitu gani?"

Baba akampa darubini, akamwelekeza kwenye mwamba mmoja upande wa kushoto.

Jaji hapaswi kumchagulia mtoto njia. Tena ukiwa ng'ambo ya bonde, theluji tambarare huonekana kama mteremko. Chini ya mwamba ule palikuwa tambarare, bila mteremko wa kumpokea anayetua, na Baba hakuwahi kusimama pale. Marnie aliruka. Hemani, Baba alikuwa ameshainua mikono kushangilia alipoona msichana hainuki. Goti lile halikupona sawasawa, na Marnie hakushindana tena.

Tangu hapo, kabla ya kila shindano, Baba alipanda mwenyewe hadi chini ya miamba, akaichomachoma theluji kwa fimbo. Aliwaambia watoto: "Chagua njia utakayoishuka ukitabasamu. Ukijionyesha, hata sisi huku hemani tunakuona." Wazazi walimwita jaji mwenye huruma kuliko wote. Sifa ile ilimchoma, maana yeye hakuwahi kumwendea Marnie mwenyewe. Akimwona dukani aligeuza kitoroli na kurudi nyumbani bila mkate. Alikuwa na ushauri kwa kila mtoto wa mlima huu, ila kwa huyo alikosa hata salamu. Alijua ni woga, na sisi tulijua, tukanyamaza naye.

Machi 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mapema mwezi huu alinituma nimwite Marnie. Alikuja na pai ya haklaberi, yale matunda madogo ya mlima wetu, akaketi kando ya kitanda.

"Mzee, mbona ulikuwa unanikimbia? Mwenye goti bovu ni mimi, mbio zote zako!"

Baba alicheka, kisha akalia. "Nilikutuma kule, binti yangu. Nisamehe."

"La mwamba nilishakusamehe zamani. Kuruka nilitaka mwenyewe, wewe ulinipa ruhusa tu. La kunikimbia bado. Nilikuwa mtoto, Mzee. Nilidhani unanionea aibu kwa sababu nilianguka." Akajifuta macho. "Acha nilifikirie. Nitarudi Alhamisi."

Baba hakuwahi kufikiria kwamba binti yule angeelewa hivyo. Alirudia maneno yale ya Marnie hadi sauti ilipomwishia.

Alifariki nyumbani Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, Mama nami tukiwa kando yake. Asubuhi ile alikuwa ameuliza kama ni Alhamisi.

Ameacha mjane, Lorna, watoto, Ingrid na Nils, wajukuu watatu, na dada yake, Astrid. Marnie Petruska yupo nasi leo. Alhamisi alikuja kama alivyoahidi, mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Hatukumwuliza jibu lake, wala hatumdai.

Mungu ampe Baba amani aliyochelewa kuiomba.