Dokta Mwanahamisi na Samaki wa Mlango wa Ruvuma

Masheikh wetu, viongozi, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Kilambo kumsindikiza mwenzetu, mimi ni Shabani Zuberi Namkopa, mdogo wake marehemu, na nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, nayasoma kama alivyoagiza mwenyewe, yaani bila kupunguza makali.

Marehemu Dokta Mwanahamisi Zuberi Namkopa alizaliwa hapahapa Kilambo tarehe 17 Aprili 1962, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Zuberi Namkopa na marehemu Bi Somoe, wakulima wa korosho na mihogo, alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Mtwara, na wajomba walipokuja kumwambia baba kwamba binti ameshavunja ungo na mchumba amepatikana, yeye mwenyewe alitoka ndani, akapiga magoti, akawaamkia shikamoo, kisha akasema, "Wajomba, huyo mchumba mwambieni asome na yeye, tutakutana mbele." Baba alicheka mpaka wajomba wakaondoka na hasira zao.

Mwaka 1984 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea elimu ya wanyama, akahitimu mwaka 1987, na tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa na Makumbusho ya Viumbe vya Pwani, pale Chikongola mjini Mtwara, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2022. Utafiti wake ulikuwa juu ya samaki wadogo wa mikokoni, wale wanaorukaruka juu ya tope maji yakitoka, na kwa miaka mingi alizunguka mlango wa mto Ruvuma akiwa na ndoo, wavu na kanga aliyoifunga kiunoni, kila samaki akimweka ndani ya chupa ya spiriti na kuandika mahali alipopatikana na jina la aliyemvua. Utafiti huo ndio uliompa shahada ya udaktari mwaka 2003, na samaki mmoja wa hapa kwetu, ambaye sayansi ilikuwa haijamjua, alipewa jina na yeye, na yule wa kwanza kabisa aliyetumika kumtambulisha yumo Chikongola mpaka leo, kwa sababu walipokuja wageni kumwomba wakamhifadhi kwao aliwaambia, "Mnaotaka kumwona, karibuni Mtwara, chai ipo."

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na mwalimu Fadhili Nassoro, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Rukia na Hashimu. Watu walisema mengi, wakasema mwanamke huyu anafuga majini ndani ya chupa, na ndugu wa mume wakamtaka achague nyumba au samaki. Shemeji Fadhili, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa kulisema hili, aliyasikiliza maneno hayo, akahamia Masasi mwaka 1998, na aliporudi mwaka 2000 kuomba radhi marehemu alimwambia, "Chumba chako kipo, mume wangu, na vyombo vya kuosha vipo." Hawakuachana tena.

Mwaka 2012 mji ulijaa wageni wa gesi, na mkuu wa makumbusho wa wakati huo akaamua kwamba ghala la samaki ligeuzwe ukumbi wa mikutano, na chupa zikatupwe. Alimwita marehemu, akamwambia, "Mama, hawa ni wafu, wameshaoza." Marehemu akamjibu, "Bosi, hawajaoza. Ukiwatoa kwenye spiriti ndipo wataoza, na hapo utakuwa umewaua mara ya pili." Jumatatu tarehe 6 Agosti, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, alichukua kiti chake akakaa mlangoni mwa ghala akiwa amefunga, na kila jua lilipozama Bi Dolatkhanu, mwenye duka la jirani, alimletea tende, uji na bajia, wakafuturu pamoja palepale sakafuni.

Lori lilikuja siku ya Alhamisi. Vibarua waligoma kumvuka mama wa watu aliyefunga, lakini rafu za barazani hazikuwa na mlinzi, zikabebwa na kumwagwa, na humo zilikuwamo chupa zote za miaka yake ya mwanzo, samaki ambao baadhi yao hatujawaona tena mtoni. Tulimwona akilia siku hiyo, na hakuondoka kwenye kiti. Kesho yake wavuvi wa huku kwetu walipanda magari wakaja mjini, na Bi Zuhura wa Msimbati, mchokoa pweza maarufu, alisimama mbele ya mkuu akamwambia, "Yule pweza wa rafu ya juu ni wangu. Nilimpa Mwanahamisi, sikukupa wewe." Wenye mamlaka mkoani wakasimamisha amri ile, marehemu akapewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, akaitia fremu akaitundika juu ya meza yake.

Mwaka 2019 walipokuja watu kutaka kufyeka mikoko wachimbe mabwawa ya kamba, na ripoti yao ikasema huku hakuna samaki wa pekee, alileta chupa kwenye mkutano wa kijiji, akazipanga mezani, akauliza, "Huyu alivuliwa hapa, na aliyemvua kakaa pale nyuma. Nani anasema hayupo?" Mikoko mliyoipita mkija msibani ndiyo hiyo.

Mwezi Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Zile habari za majini wa chupa zikarudi, na yeye akamwagiza Rukia, "Andikeni saratani. Msiandike aliugua kwa muda mrefu, kana kwamba nimeiba kitu." Basi ilikuwa saratani, alitibiwa Dar es Salaam na Mtwara, akafariki tarehe 9 Juni 2025 alfajiri, akiwa na akili zake timamu na akiwa ameshika mkono wa mumewe.

Tangu jana yanapita maneno hapa msibani kwamba sasa ghala limepata nafasi. Familia inajibu mbele ya jeneza: halijapata. Wapo vijana aliowafundisha, wapo wavuvi waliovua, na tupo sisi, na wageni wenu watafutieni ukumbi kwingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, majirani wa Chikongola na wa Kilambo, wafanyakazi wenzake, na Bi Dolatkhanu, ambaye ndiye aliyemwogesha na kumlisha miezi ya mwisho sisi tulipokuwa mbali.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Dada, uchovu wako ni wa halali. Lala kwa amani.