Magoti ya Kaniki

Benchi letu liko nje ya geti la nyuma la mazizi ya farasi, upande ambao ukuta hutoa kivuli asubuhi yote. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mtu wa katikati akiinuka ghafla, wa pembeni anaweza kujikuta chini. Mimi nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na nauza kahawa, kazi niliyoachiwa na shangazi tangu nilipoacha shule. Wanaokaa hapo ni walewale: Nyundo, fundi anayewapigilia farasi vyuma vya kwato, Mzee Hatamu, aliyekuwa mpandaji wa mashindano mpaka nyonga ilipomkatalia, na Dereva, mwenye lori la kubebea farasi. Siku nyingine wanabishana kuhusu mpira. Asubuhi hiyo walibishana kuhusu Kaniki, farasi jike mweusi, mdogo kuliko wote mle ndani. Kaka yangu ndiye anayempanda. Alikuwa ametoka getini na kofia yake ngumu kichwani, akasema mbele ya watu wote kwamba kesho hampandi.

— Humpandi kwa nini? Unaumwa? Nyundo aliuliza.

— Magoti yake yana moto. Nimeyashika, yote mawili.

— Farasi ametoka kukimbia, ulitaka yawe na barafu?

— Leo hajakimbia, Nyundo. Na jana yalikuwa hivyohivyo.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya jaribio. Kocha, anayewafundisha farasi hawa, alikuwa ameamua Kaniki akimbizwe mbio kamili pamoja na wakubwa, mtu akiwa mgongoni. Akifanya vizuri, anaingizwa kwenye mashindano.

— Mnyama bado anarefuka, kaka alisema. Mtazameni kwa nyuma. Matako yamepanda kuliko mabega. Anatembea kama amevaa viatu vya dada yake.

— Ndiyo wakati wenyewe, Nyundo alisema. Mfupa ni kama chuma. Unaupiga ungali na moto. Ukipoa hauumbiki.

— Basi na mwanao mpeleke akabebe zege angali anatambaa, Dereva alimwambia. Ashike umbo.

— Mwanangu usimtie kwenye mambo ya wanyama.

— Wewe ndiye uliyemtia mnyama kwenye mambo ya chuma.

Mzee Hatamu aligonga kikombe chake kwenye ubao.

— Nyote hamjui mnachosema. Shida si mfupa, shida ni akili. Farasi akifika miaka minne hajapandwa, anagundua kwamba yeye ni mkubwa kuliko wewe. Lazima umwahi kabla hajagundua.

— Anagunduaje, mzee? nilimuuliza.

— Anapiga hesabu, mwanangu. Anakutazama kwa jicho la kushoto, anakupima kilo, anaamua.

— Jicho halihusiki, Dereva alisema. Ni mguu. Mimi nawaona wakipanda lori. Anayetanguliza mguu wa kulia amekomaa, mpande hata leo. Anayetanguliza wa kushoto, msubiri mpaka miaka sita.

— Na Kaniki?

— Kaniki anaruka na yote minne. Huyo sijui.

Nyundo hakucheka. Alisema dawa ni kumfunga magoti kwa udongo wa kichuguu na kumwekea redio zizini, muziki wenye sauti nzito, kwa sababu mtikisiko unakaza viungo. Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, huku kaka yangu amesimama mbele yake. Hasira ikanipanda.

— Nyundo, Kaniki ana miaka mingapi?

— Miwili.

— Miwili ya nani?

Wakanitazama. Nilisema hivyo kwa sababu ya utaratibu wa hapa. Farasi wote mazizini huongezewa mwaka siku moja, siku ya mwaka mpya, hata wawe wamezaliwa lini. Aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka na aliyezaliwa mwishoni wote huitwa rika moja, na hukimbizwa pamoja. Kaniki alizaliwa mwaka ukielekea kwisha. Nilikuwepo. Nilishika taa.

— Huyu alitimiza mwaka wa kwanza akiwa bado ananyonya, nikasema. Mkampigia makofi. Leo mnamhesabia miwili, na wa pili wenyewe hajaumaliza.

— Utaratibu ni utaratibu, binti, Mzee Hatamu alisema. Na Radi je? Radi alianza mdogo kuliko huyo, akashinda kila mahali.

Radi ndiye farasi aliyeshinda kuliko wote mazizini humu. Kila ubishi wa benchi hili huishia kwake.

— Radi, Nyundo aliitikia. Umesikia, kijana? Radi.

Hapo Kocha alitoka getini. Bila shaka alikuwa amesikia kutoka ndani.

— Nani kasema farasi wangu hapandwi?

— Mimi, kaka alisema. Magoti yana moto, Kocha.

— Mfupa usiofanya kazi unabaki laini. Hilo hata madaktari wa mifugo wanalijua. Ukimfungia ndani mpaka akue, siku ya kwanza tu anavunjika.

— Sijasema afungiwe. Atembezwe. Aachiwe uwanjani akimbie mwenyewe, achoke mwenyewe, asimame mwenyewe. Azoee hatamu. Mimi nakataa kumkimbiza mbio kamili nikiwa juu yake, nimchape asipowafikia wakubwa, wakati miguu inamuuma.

— Kazi yako ni kukaa mgongoni. Kufikiri ni kazi yangu.

— Basi fikiri.

Hakuna aliyewahi kumjibu Kocha hivyo. Mshipa wa shingo ulimtoka.

— Radi alipandwa akiwa mdogo kuliko huyo, alisema polepole. Nilimfundisha mimi. Nilimkimbiza mimi. Mnamwona alivyo.

Sikuwa nimemwona mama aliyesimama karibu na bomba. Ni mfuaji mpya wa matandiko ya farasi, ameanza kazi wiki hiyo, mikono yake bado na povu. Alikuwa amekuja kukinga maji.

— Samahanini, alisema. Hamjambo?

— Hatujambo, mama.

— Huyo Radi nimemsikia tangu nifike. Alianza peke yake?

— Hapana, Kocha alisema. Walikuwa wengi. Kundi zima, rika moja.

— Wenzake wako wapi? Nifue na matandiko yao.

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Ndoo ilikuwa inajaa, naye alisubiri jibu.

Kocha alimtazama Nyundo. Nyundo, aliyewapigilia vyuma wote wale, akageuza viganja vyake akavikagua. Mzee Hatamu alianza kujisugua nyonga. Mwisho macho yote yakamwendea Dereva, kwa sababu hapa farasi hatoki, mzima au aliyevunjika, ila kwa lori lake. Dereva huwa na jibu hata la swali ambalo halijaulizwa. Safari hii alizungusha funguo kidoleni.

— Mimi naendesha tu, mama.

— Unawapeleka wapi?

Maji yalifurika kwenye ndoo yakaanza kutiririka hadi kwenye miguu yetu. Hakuna aliyeinuka kufunga bomba. Mama alilifunga mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja, akabeba ndoo yake akaingia ndani bila kuuliza tena.

— Kesho alfajiri Kaniki anakimbia, Kocha alisema. Wapandaji wapo tele.

Kaka alifungua mkanda wa kofia chini ya kidevu. Alimpa Kocha kofia mkononi, kama mtu anavyorudisha kikombe.

— Mvalishe huyo utakayempata, alisema. Ila kwanza mwambie ayashike magoti.

Akaondoka kwa kufuata ukuta. Ninajua maana ya kukosa mshahara wake nyumbani kwetu, na sikumwita arudi.

Kocha alibaki amesimama na kofia ile. Wenye benchi hawakujisogeza kumpa nafasi, hata Mzee Hatamu. Alichukua kikombe kitupu ubaoni, akaninyooshea.

— Binti, nitilie kahawa.

Niliinua birika. Lilikuwa zito, linatoa mvuke mdomoni.

— Imekwisha, nikamwambia.