Taa Nyeupe Ilitaka Kumchukua Eliya

Bwana asifiwe! Jibuni kwa nguvu, maana nimesimama hapa na furaha na hasira pamoja, na hasira ndiyo kubwa.

Ndugu zangu, mi ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hapa Rubona. Mnajua kazi yetu: tunafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, giza likiingia tunawasha taa nyeupe juu ya wavu, samaki wanafuata mwangaza. Kwa hiyo ukiona taa nyeupe mbele yako ziwani, unajua ni wavuvi wametulia. Ukiona nyekundu na kijani, unajua boti linakuja, unapiga kelele.

Sasa kuna tajiri wa boti la mizigo. Balbu zake za zamani zilikuwa zinamaliza betri. Fundi akamwambia aweke LED: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Akakataa! Akafunga mbele LED nyeupe, zilezile za sambaza. "Bon, taa ni taa," akasema. "Mutu akiona mwangaza atapisha."

Jumatatu jioni tukaona taa nyeupe. Tukasema ni wenzetu, tukaendelea kuimba na kuvuta wavu. Kumbe ni boti! Nyimbo zetu zilifunika mlio wa injini. Likavunja miti, likapasua mtumbwi wa kati, na mdogo wangu Eliya akazama pamoja na wavu. Mana yangu we, Mungu wangu! Nililia, "Yesu, huyu hapana!" Nikavuta wavu, nikavuta, mpaka nikashika shati lake. Alitoka anatapika maji, lakini mzima! Huyu hapa amekaa, mwangalieni. Haleluya!

Ngojeni, msipige makofi bado. Kesho yake tajiri akaja kwetu na kreti ya soda, akamwambia mama, "Pole, mama, Shetani ametushambulia." Shetani! Shetani ndiye alishika bisibisi akafunga zile taa? Nilimrudishia soda zake mpaka barabarani. Na ninyi wapendwa mkafanya maombi ya kumkemea Shetani, tajiri hamkumwambia hata neno moja!

Mungu wangu nitamshukuru mpaka nife. Mwamini, ndugu yangu, hata ukiwa chini ya wavu anakuona. Lakini tajiri yumo humu, mstari wa pili, na boti lake lingine linatoka leo jioni na taa nyeupe mbele. Mimi sikai chini. Baba mwenye boti, inuka, twende bandarini tukazitoe. Na kila aliyesema haleluya atufuate.