Kisima Alichokifunga Gaudensia

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, Bi. Gaudensia Magige, fundi wetu wa vipimo vya visima hapa ofisi ya maji Musoma, anakabidhi funguo za stoo baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kiti chake tumeshaanza kukigombania, ila ujuzi wake sijui tutautoa wapi.

Kazi yake ilikuwa kushusha kipimo ndani ya kisima kipya, kisha kusoma mchoro wa mionzi inayotoka kwenye tabaka za chini. Udongo wa mfinyanzi hutoa mionzi mingi na hautoi maji. Mchanga hutoa michache, na humo ndimo maji hukaa. Ndivyo tulivyofundishwa wote.

Mwaka wake wa tatu, katika kijiji kimoja cha Bunda, mchoro ulipanda juu. Akaandika mfinyanzi mtupu, kisima kikafukiwa, akina mama wakarudi kwenye lambo la ng'ombe. Baadaye sana akagundua kwamba mchanga uliomeguka kutoka kwenye graniti, mawe yaliyojaa mkoa wetu wa Mara kila kona, nao hutoa mionzi mingi vilevile. Jamani, dada huyu alikonda.

Tangu hapo hakuamini mchoro kabla ya kutafuna udongo. Ndiyo, kutafuna: punje ya sampuli aliisaga menoni. Ikiteleza, mfinyanzi; ikikwaruza, mchanga. Dereva wetu Silasi alimwita Mama Chumvi Kidogo, maana alionja kila shimo kama mboga jikoni. Kule Buswahili, kwenye kisima cha shule, mchoro ulisema mfinyanzi na mkandarasi alishafungasha mabomba. Gaudensia akatafuna, akakataa kusaini kifukiwe, na leo shule ile ina maji.

Lakini kile kisima cha Bunda kilimkaa rohoni. Aliomba kichimbwe upya, ombi likarudishwa mara nne. Machi mwaka huu likakubaliwa. Kabla mtambo haujawashwa, alisimama mbele ya wanakijiji, ambao hawakujua lolote, akasema: "Maji yenu yalikuwepo. Mimi ndiye niliyeyafunga."

Mimi niliangalia viatu vyangu. Bibi Nyangi, aliyelea watoto saba kwa maji ya lambo, alikuwa amesimama mbele yake. Siku ya pili maji yalipotoka meupe, bibi huyohuyo alikinga kikombe cha kwanza, akawapita viongozi wote, akampa Gaudensia. Alikinywa chote huku analia.

Asante, dada, kwa kutufundisha kuweka jina letu hata chini ya kosa. Tunakutakia uzee wenye afya, na maji karibu na mlango wako.