Winga wa Mwamvua

Basi la Pangani lilikuwa linakaribia Ngamiani. Mwamvua, kikapu mapajani, aliwasikiliza wanaume wawili wa kiti cha mbele wakimgombea mwanawe.

"Yule winga tunampa viatu na wali tu," alisema Sadalla wa klabu ya mjini, "ndipo tukamudu mshahara wa golikipa wa Mombasa. Tuliagana kwa Fatiha, misimu miwili."

"Ikiisha, shamba letu la mkonge litampa kazi na jezi ya timu yake," alijibu karani Ernesti. "Mbaki na golikipa wenu."

"Mtuibie tuliyemlea?"

Mwamvua hakukumbuka kumwona Sadalla akimlea mtu. Basi likasimama.

"Bwana Sadalla," alisema akiinuka, "Fatiha ile ilisomwa barazani kwangu, na msimu wa pili ulikwisha jana. Sasa anayemtaka mwanangu alete washenga."