Ulimbo wa Ndege Wekundu

Katika basi lililotoka Kericho kupitia Soin, mwaka wa tisini na sita, mama mmoja alikaa mbele yangu akipakata kopo la ulimbo. Alimwambia jirani yake, kijana mwenye darubini shingoni, kwamba ndege wekundu wanamaliza wimbi shambani mwake, na kesho atawanasa wote.

Kijana alishtuka kana kwamba ametajwa yeye. "Wote, mama? Wako wa aina mbili. Yule mdogo, mwekundu mpaka mdomo, anaokota tu punje zilizoanguka chini. Mwizi ni yule mwenye tumbo jeusi, anayening'inia kwenye masuke."

"Na wale wa kahawia, kama shomoro? Leo asubuhi ndio walikuwa wamejaa."

Kijana alifuta darubini ambayo haikuwa na vumbi. "Hao ndio wenye tumbo jeusi. Wakimaliza kuzaana, dume anavua wekundu, anafanana na jike."

"Wewe kijana! Mwizi anabadilisha nguo, halafu unaniambia nimtambue kwa nguo?"

Watu walicheka. Mimi nilitazama mashamba ya chai dirishani, masikio nikiyaacha palepale.

"Basi paka vijiti virefu, vifike kwenye masuke," kijana alisihi. "Chini usiweke. Yule mdogo hapandi huko juu."

"Amekuahidi?"

Basi lilisimama Soin. Mama alishuka na kopo lake. Kijana akatoa kichwa dirishani: "Mama, tafadhali, chini usiweke!"

"Shuka basi," alijibu bila kugeuka. "Uje uwaonyeshe pa kutua."